Herufi za Juzuu kwenye Kalibu

Juzi pale Ntinda nilisimama ghafla katikati ya watu, mama mmoja aliyebeba ndizi akanigonga begani na kunisonya, na alikuwa na haki. Kando ya barabara, fundi wa betri za magari alikuwa anayeyusha madini ya risasi ndani ya kopo la maziwa, na humo alikuwa ametia kipande cha mshumaa ili uchafu upande juu. Moshi ulionijia puani ulikuwa wa nta na madini yaliyochemka. Wenzangu wakinusa kitu cha utotoni husema wamekumbuka mapishi ya bibi, wakatabasamu. Mimi niliona haya. Mtu mzima mwenye wajukuu, niliona haya mchana kweupe mbele ya fundi asiyenijua, hata nikajifanya natafuta kitu mkobani.

Nyumba yetu ilikuwa Kyebando. Wazee wa ukoo wetu walikuja huku Uganda na misafara kutoka Pwani, wakaoa huku, wakazikwa huku, wakatuachia Kiswahili cha nyumbani na kanzu za Ijumaa. Baba yangu, Yusufu, alikuwa fundi wa bunduki. Najua neno hilo linavyosikika leo, lakini kwangu wakati ule halikuwa na tofauti na fundi wa saa. Alijifunza kazi katika duka la Mhindi mmoja mjini aliyewauzia wenye mashamba bunduki za kuwindia. Wahindi walipofukuzwa, duka akapewa mtu ambaye hakujua tupa inashikwa upande gani, na Baba akarudi nyumbani na sanduku lake la vifaa, akaweka meza kwenye baraza ya nyuma. Toka hapo akawa anaokoteza kazi: kufuli, cherehani, pampu za taa za karabai. Hakulalamika, ila alikuwa na tabia ya kuzipaka mafuta zile zana zake za zamani hata kama hakuna aliyezigusa wiki nzima.

Ninyi wa rika langu mnaikumbuka hali ilivyokuwa chini ya serikali ya askari, sina haja ya kuwasimulia foleni ya sukari wala namna mtu alivyozima redio akisikia gari limesimama nje. Sisi watoto tulijifunza kunyamaza kabla hatujajifunza kusoma. Kusoma kwenyewe tulisomea kwa Babu.

Babu, baba mzazi wa Mama, watu wote walimwita Mwalimu. Chuo chake cha Korani kilikuwa jirani na sisi, chumba kimoja cha mikeka chenye dirisha lililotazama njia. Nyuma yake palikuwa na chumba kingine kidogo, na humo mashine ya chapa ya kuzungusha kwa mkono, pamoja na sanduku pana la mbao lililogawanywa vijumba vidogo vidogo. Ndani ya vijumba hivyo zilikaa herufi za Kiarabu za madini ya risasi. Kwa herufi hizo Babu alichapa juzuu za watoto, vijitabu vya karatasi nyembamba ambavyo vilisomwa katika vyuo vingi vya mji. Herufi zenyewe ziligeuzwa kinyume, ili zikigandamizwa karatasini zitoke sawa. Nilimwuliza mara nyingi na mara zote alinieleza, lakini moyoni nilibaki na maelezo yangu: kwamba zimegeuziwa Mungu, kwa kuwa yeye yuko upande wa pili wa karatasi na anasoma kutoka kule.

Babu hakuwa mkali, ila mambo mawili hakuyafanyia mchezo. La kwanza, karatasi yenye neno la Mungu haitupwi. Ikichanika inaokotwa, inachomwa mahali safi na majivu yake yanafukiwa. Nimewahi kumwona akishuka baiskeli kwenye matope kwa ajili ya kipande kisichozidi kiganja. La pili ni somo. Yeye alitamka na sisi tukaitikia, na hakuhitaji kutuamrisha. Akisema alifu, chuo kizima kilijibu alifu, hata aliyekuwa anasinzia alijibu akiwa bado amefumba macho, na hata leo mkinitamkia alifu nyuma ya mlango, sina hakika kama ulimi wangu utaniomba ruhusa.

Kisha Mjomba Twaha akapotea. Alikuwa mtoto wa pekee wa kiume wa Babu, na kazi yake ilikuwa bandarini Port Bell, kupanga mizigo kwenye mabehewa yanayopandishwa kwenye feri. Jioni moja hakurudi. Mtu aliyetoka naye kazini alikuja kutuambia, akiwa amesimama mlangoni bila kutaka kukaa, kwamba amemwona akitiwa kwenye buti ya gari. Kosa lake hatukuambiwa, wala mahali alipopelekwa. Mama alizunguka ofisi moja baada ya nyingine, akarudi na vumbi hadi magotini, na kila alikoulizia aliambiwa huyo mtu hawamjui. Babu aliendelea kufundisha. Alikuwa akifika kwenye ile sura ya Korani yenye jina la Twaha, anairuka.

Katika siku hizo ndipo akaja kapteni. Alikuja na dereva wake kwenye gari la jeshi, mtu mrefu kutoka kaskazini, mwenye sauti nzito na mwanya wa meno. Mama alituvuta ndani, lakini mimi nilibaki nyuma ya pazia la mlango wa uani. Alitoa rivolva kuukuu iliyofungwa kwenye kitambaa, akaiweka mezani kwa Baba.

"Wewe ndiyo fundi ya bunduki?"

"Ndiyo, afande."

"Hii kitu yangu iko na ugonjwa. Mimi nalenga hapa, yeye naenda kule. Risasi yake ya duka hapana tena, imeisha Uganda yote. Kijana moja ya kambi nanichemshia ya nyumbani, lakini natembea kama mlevi."

Akaeleza kwamba kuna mashindano ya kulenga shabaha, kambi zote, na wakubwa watakaa mbele kutazama. Yeye alikuwa mlengaji hodari tangu ujana wake, na rivolva hii aliipenda kuliko bastola mpya walizogawiwa. Baba aliigeuza mikononi, akachungulia mtutu kwenye mwanga, akazungusha silinda na kusikiliza. Nilimjua Baba. Kazi ilikuwa imemwingia tayari. Lakini aliiweka chini na kusema, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, "Afande, nina shemeji yangu."

Kapteni alisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika. "Twaha ya Port Bell," akarudia jina polepole. "Fundi, mimi sema kweli. Leo nikiuliza, na mimi naulizwa kwa nini nauliza. Lakini mshindi naitwa mbele. Mkubwa nasema, kijana, unataka nini? Wengine nasema gari, wengine nasema nyumba. Mimi nitasema, nataka huyo Twaha. Sasa kama mimi nashindwa, mimi nasema nini?"

Basi ikawa hivyo. Maisha ya Mjomba yalikaa kwenye ile rivolva, na nyumba nzima ilijua, pamoja na mimi niliyejifanya sijui.

Na nikiri hapa hapa jambo linalonichoma hata sasa: nilimpenda yule kapteni. Alikuja mara kwa mara kutazama kazi inavyokwenda, na hakuja mikono mitupu. Alileta sabuni za mche, alileta sukari. Alinivisha kofia yake ikaniziba macho, akacheka mpaka mwanya ukaonekana wote, akasema kwao ana binti wa kimo changu aliye mkaidi kama mimi. Nilikuwa nikisikia gari lake nakimbilia nje. Mama aliniita ndani mara mbili, tatu, kisha akaacha, kwa sababu alifikiri labda kapteni akinipenda itatusaidia. Naandika hivi na uso unaniwaka.

Baba aliifungua rivolva vipande vipande juu ya shuka la zamani. Alisukuma vidonge vya madini laini kwenye kila tundu la silinda na ndani ya mtutu, kisha akavipima kwa chombo chake cha Mhindi, akarudia na kurudia. Nilikaa miguuni pake kumshikia mafuta, na alinieleza kila kitu, kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumweleza. Midomo ya matundu ya silinda, alisema, ni myembamba kuliko mtutu. Risasi inabanwa ikitoka, inapungua unene, halafu inaingia kwenye mtutu ulio mpana. "Sawa na kumvika mtoto kanzu ya baba yake ukamwambia akimbie," akasema. Inayumba mle ndani, moto wa baruti unapita pembeni yake na kuilamba, na madini yanabaki yamepakaa ukutani. Akakaa siku nyingi akiipanua ile midomo kidogo kidogo kwa msasa laini na mafuta, akihakikisha yote inalingana.

Kujaribu walijaribia kwenye kichuguu kilichokuwa nyuma ya nyumba, dereva wa kapteni akiwa amekaa njiani ili watu wasishtuke. Wapi. Kila mlio ulipotoka, madirisha ya majirani yalifungwa, na hakuna aliyeuliza kitu. Aliyekuwa akija kuazima chumvi aliacha kuja. Kinyozi wa pale njia panda, rafiki wa Baba wa miaka yote, akawa akimwona anainama kutafuta mkasi.

Risasi za mwanzo zilikwenda sawa, tukafurahi, kisha zilizofuata zikaanza kutawanyika tena. Baba alichungulia mtutu akakuta umepakaa kama sufuria iliyounguza ugali. Madini aliyokuwa akiyasubu kuwa risasi yalitoka kwenye chubwi, vile vizito vya nyavu, alizonunua kwa wavuvi, na yalikuwa laini mno, hayakuweza kustahimili mwendo ule. Mchana huo tukiwa tunakula alisema, kama anajisemea mwenyewe, "Nahitaji madini magumu. Yaliyochanganywa. Kama yale ya—"

Mama alishika upawa hewani. Sote watatu tulikuwa tunafikiria sanduku lile lile.

Alasiri Baba alikwenda kwa Babu, na mimi nikamfuata nimebeba birika la chai. Babu alikuwa anapanga karatasi.

"Mzee, nina ombi ambalo sijui nalianzaje."

"Lianze lilivyo, Yusufu."

"Nazitaka herufi."

Babu hakuuliza za nini. Milio ya kichuguuni aliisikia kama kila mtu. Aliendelea kulinganisha karatasi mpaka kingo zake zikakaa sawa. "Mimi naokota njiani kipande chenye neno moja," akasema. "Wewe waniambia nitoe kilichochapa neno hilo, nimpe askari akapige nacho?"

"Atapiga karatasi, Mzee. Ni mashindano."

"Na mashindano yakiisha?"

Baba alitazama chini. "Yakiisha sijui. Ninachojua ni kwamba Twaha hajarudi."

Chai ikapoa. Kisha Babu akainuka, akaenda kutawadha, akarudi na mikono bado inadondosha maji. Alitandika kanzu yake moja nyeupe sakafuni, akaanza kutoa herufi kutoka kwenye vijumba vyao na kuziosha kwenye bakuli, akazisuuza, akaziweka juu ya kanzu. Nilitaka kumsaidia akanizuia kwa kiwiko. Alipomaliza alifunga kanzu kama furushi, akampa Baba kwa mikono miwili, na yale maji aliyooshea akaenda kuyamwaga kwenye mgomba ambako hakuna anayekanyaga.

Niliziona zikiyeyuka. Nilidhani zitalia au zitatoa harufu ya peke yake, lakini zilisimama tu ndani ya chungu cha chuma, halafu zikalegea, zikazama, na Baba akatupia kipande cha nta, moshi ukapanda. Aliteka kwa upawa mdogo akamimina kwenye kalibu. Alipoifungua, vikatoka vidonge vinavyong'aa, vigumu, vinavyolia vikigongana. Na mimi, kwa akili yangu ya kitoto, nilielewa kila kitu. Sikuelewa ya ugumu. Nilielewa kwamba herufi zile zilijua njia. Zilikuwa zimezoea kuelekea upande wa pili wa karatasi, kwa hiyo sasa zitapita karatasi ya shabaha bila kupotea.

Na kweli hazikupotea. Baba alipiga, akapiga, akapiga tena, na matundu yote yangefunikwa na kisahani cha kikombe cha kahawa. Alicheka peke yake kwa furaha ya fundi, mara ya kwanza tangu Mjomba achukuliwe. Kisha akageuka, akamwona Babu amesimama kwenye uzio, na kicheko kikakatika.

Kapteni alikuja kesho yake. Alipiga akaenda kuitazama karatasi, akarudi mbio kama kijana wa shule.

"Fundi! Wewe nafanya nini hii kitu?"

Baba alianza kumweleza midomo ya silinda, na mafuta, na ugumu wa madini. Kapteni hakuwa anasikia. Mezani zilikuwa zimebaki herufi chache zikingoja zamu ya chunguni, naye alikuwa ameokota moja.

"Hii nini?"

"Herufi ya chapa, afande. Madini yake ni magumu."

"Ya Kiarabu hii. Ya Korani?"

Nilimwona Baba akifungua kinywa. Nilimwona pia akitazama mkono wa kapteni. Huyu kapteni, pamoja na sifa zake zote, alikuwa na kasoro ambayo Baba aliiona siku ya kwanza na kuificha kwa heshima: kabla ya mlio, mkono wake ulikuwa unaruka kidogo. Rivolva ya namna yoyote haiwezi kulitibu hilo. Leo mkono ulikuwa umetulia tuli.

"Ndiyo, afande," Baba akasema. "Zilichapia juzuu."

"Basi hii risasi naomba dua yenyewe!" Kapteni aliibusu ile herufi, akaitia mfukoni mwa shati. "Mimi nasema! Mimi nasikia mkononi!"

Mimi nilipiga makofi, kwa kuwa kapteni alikuwa ameamini kile kile nilichoamini mimi. Nilifurahi kupata mtu mzima wa kuniunga mkono.

Mama alimsubiri Baba mlangoni. "Ungemwambia ni madini tu."

"Mkono wake umetulia," Baba akajibu bila kumtazama. "Nikimwambia, utaruka tena."

"Na Baba yangu atakuwa nani sasa? Mganga wa askari?"

Baba alikwenda kunawa mikono, akanawa kwa muda mrefu kuliko kawaida, kwa ile sabuni ya kapteni.

Siku moja kabla ya mashindano tulikuwa chuoni, somo linaendelea, mara gari likasimama dirishani. Kinyozi alitoka nje ya banda lake. Wanawake waliokuwa kisimani walitua madumu. Kapteni aliingia na dereva wake. Dereva, kijana Mwislamu mwenye aibu, alivua viatu mlangoni, na kapteni akamwona akavua vya kwake, akatembea juu ya mikeka yetu kwa soksi za jeshi. Alipiga magoti mbele ya Babu na kuweka ile rivolva juu ya mkeka, akaielekeza mtutu ukutani kwa adabu.

"Mzee, kesho ndiyo mashindano. Risasi iko na dua. Bunduki bado. Nakuomba, somea."

"Mwanangu," Babu akasema, "hicho ni chuma."

"Hapana nificha, mzee. Mimi nakuja na roho safi. Kesho mimi nachukua kikombe, na mtoto yako nakula chakula hapa nyumbani. Lakini bila dua mimi naogopa, na nikiogopa mkono naruka. Mimi najijua."

Hakumtishia. Ningependa kusema alimtishia. Alimwambia ukweli wake, na Babu alijua ni ukweli, kwa sababu Baba alikuwa ameshamweleza habari za ule mkono.

Babu alitutazama sisi wanafunzi wake, mstari kwa mstari. Kisha akainua viganja, akainamisha uso mpaka ndevu zikagusa kifua, akaanza kusoma chini chini. "Alifu," akasema. "Bee. Tee."

Leo naelewa. Kapteni hakujua Kiarabu, na Babu hakutaka kulitia neno la Mungu kwenye bunduki, basi akamsomea herufi tupu, ambazo hazina dhambi. Alitaka kuzinong'ona zikaishia kwenye ndevu zake. Lakini alikuwa ametamka alifu mbele ya chuo. Wa mstari wa mbele waliitikia kwanza, kwa woga, kisha sote, kwa sauti ile ile ya kila siku, tukijitikisa mbele na nyuma: "Alifuu! Bee! Tee!"

Babu alifumba macho. Sisi tuliendelea wenyewe mpaka jimu, ndipo tukaona hatutamkiwi tena, tukanyamaza mmoja mmoja.

Kapteni alitabasamu, akidhani tumemsaidia kuomba. Halafu tabasamu likapungua. Akamgeukia dereva. "Wewe Muslimu. Hii ndiyo dua?"

Dereva alitazama soksi zake.

"Sema."

"Ni alifu, afande," dereva akasema, na sauti yake ilikuwa inakaribia kulia. "Watoto nasoma tu."

Nilingoja kapteni akasirike. Hakukasirika. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyenyimwa kitu mbele ya watu, na mkono wake wa kulia, juu ya goti, ulianza kuruka. "Mzee nanicheka?" akauliza.

"Sikucheki, mwanangu," Babu akasema. "Hivyo ndivyo tunavyoanza."

Akainua viganja upya, na akasoma Alhamdu, sura ya kwanza ya Korani. Aliisoma yote, kwa sauti yake ya Ijumaa, ile iliyokuwa ikiwatoa watu machozi, kila herufi mahali pake, hakubana hata moja. Akaongeza dua ya ushindi. Kisha akaiinua ile rivolva kwa mkono wake wa kulia, akaipulizia kwenye mtutu, akaipulizia kwenye silinda, kama alivyokuwa akitupulizia utosini tukiwa na homa. Na sisi tukaitikia Aamin, tukaivuta kama tulivyofunzwa, na dereva naye, na kapteni akachelewa kidogo akasema Amina. Dirishani walikuwa wamejaa majirani. Hakuna hata mmoja aliyeitikia.

Kapteni aliondoka akiwa ameacha gunia la sukari mlangoni. Babu alisema, "Endeleeni," lakini hakutuambia tuendelee na nini, na sisi tulikaa hivyo hivyo mpaka jua likaondoka dirishani. Ile sukari ililiwa. Hakuna aliyeitupa. Tuliigawana nyumba mbili na tukainywa.

Kapteni alishinda. Baadaye wakaja wenzake, maafisa wa kambi nyingine, wakiulizia mzee wa risasi za dua, na Mama alikuwa akiwaambia Mwalimu anaumwa, na ikawa si uongo. Watoto wa chuoni walipungua. Wazazi hawakusema kitu, walisema tu mtoto anasaidia shambani, mtoto ana kikohozi. Siku ya Ijumaa Babu alianza kuswali safu ya nyuma, karibu na viatu, na walipomwomba asimamishe swala alitikisa kichwa. Mimi njiani nilikuwa napita upande wa pili nikimwona, ili nisiulizwe kama ni babu yangu. Nilikuwa namwonea haya yeye. Ilichukua miaka mingi haya hizo zijue nyumba yao ni ipi.

Lakini kapteni alitimiza. Msinielewe vibaya, Mjomba Twaha alirudi, na wengi wa siku zile hawakurudi. Gari lilimshusha kwenye njia panda akatembea mwenyewe, mguu mmoja anauburuta, shati si lake. Mama alimpeleka kwanza bafuni, akachemshiwa maji, akaogeshwa kama mtoto, akavikwa kanzu ya Baba. Ndipo tukampeleka kwa Babu. Chakula kilikuwa kimeandaliwa mkekani na majirani wachache walikuwa wameingia, kinyozi mmoja wao, kwa kuwa kurudi kwa mtu hakuwezi kususiwa.

Babu alisimama alipomwona. Machozi yalimtoka bila sauti. Mjomba akamwendea, akainama kama tunavyoinamia wazazi wetu wote, akanyoosha mikono kuupokea mkono wa kulia wa baba yake aubusu. "Shikamoo, Baba."

Babu alirudisha mkono nyuma. Aliuingiza ndani ya mkono wa kanzu, akaushikilia kwa ule wa kushoto, asitoke.

Mjomba alibaki ameinama, mikono yake ikiwa wazi. Alitutazama sisi, akajitazama kanzu, vidole, miguu.

"Nimeoga, Baba," akasema. "Nimeoga."

"Si wewe, mwanangu," Babu akasema. "Si wewe."